Nyumba ya Chatu

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa wengi wetu wa Ngara na Biharamulo, habari za nyoka huishia hapo: akionekana, rungu hutafutwa. Ukimwambia mkulima wa huku kwamba wako watu wanaomjengea chatu nyumba ya kioo, wakamwekea taa ya kumtia joto na beseni la maji, atacheka, au atadhani unamsimulia habari za wachawi. Hata hivyo, kumjengea nyoka nyumba si jambo geni magharibi ya Ziwa Viktoria. Lilikuwapo kabla ya vioo na kabla ya umeme. Tena, ukiitazama nyumba yenyewe utatambua aliyeijenga alimwona nyoka huyo kuwa nani.

Habari iliyo kamili zaidi inatoka Buddu, sehemu ya Buganda inayopakana na mkoa wetu wa Kagera upande wa kaskazini. John Roscoe, mmisionari Mwingereza aliyekaa Uganda miaka mingi, alichapisha mwaka 1911 kitabu juu ya Waganda, na humo akaeleza hekalu la chatu aliyeitwa Selwanga, lililokuwa Bulonge, karibu na mto Mujuzi. Lilikuwa msonge mkubwa wa miti, ulioezekwa kwa nyasi. Sakafuni palitandikwa nyasi zenye harufu nzuri. Ndani paliwekwa gogo na kigoda, juu yake ikatandazwa nguo ya magome, na hapo ndipo chatu alipolala. Upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo alilala mwanamke asiye na mume, ambaye kazi yake ilikuwa kumpa chatu maziwa ya ng'ombe wa hekalu, yaliyochanganywa na udongo mweupe. Waliokosa watoto walikwenda huko kuomba baraka.

Katika maelezo hayo kuna jambo dogo ambalo msomaji anaweza kulipita upesi. Ukutani palikuwa na tundu la mviringo, na chatu alitoka na kuingia kwa hilo. Waganda wale hawakushindwa kuliziba. Waliliacha kwa sababu aliyekaa mle hakuwa mfungwa wala mali ya mtu. Alikuwa mwenyeji, na binadamu walikuwa watumishi wake. Kama angehama, si mlango ambao ungelaumiwa, bali wao wenyewe.

Kusini ya hapo, katika Kiziba, nyoka hakujengewa msonge wa namna hiyo, lakini heshima ilikuwapo. Mjerumani Hermann Rehse, aliyeandika juu ya Kiziba mwaka 1910, anasimulia kwamba mwanamke aliyemuua nyoka kwa jembe bila kukusudia alikimbilia kwa kuhani, akatoa jembe lenyewe pamoja na kauri na ngozi ya ng'ombe, ili roho ya nyoka ipozwe. Leo jembe hilo hilo lingesifiwa.

Wasukuma walikuwa na njia nyingine. Chama chao cha Bayeye, ambacho Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1946, kilikuwa cha wakamata nyoka waliojua dawa za sumu na kucheza ngoma wakiwa na nyoka mikononi. Kwa kuwa katika karne ya 20 Wasukuma wengi walihamia Biharamulo na mifugo yao, ujuzi wa namna hiyo si mgeni wilayani. Mcheza ngoma husafiri, kwa hiyo nyoka wake hawezi kukaa katika msonge. Hukaa katika kitu chenye kifuniko, kinachobebeka. Hapo nyoka amekuwa mwenzi wa kazi, lakini njia ya kutokea imefungwa.

Kisha zikaja nyumba za kutazamia. Bustani ya nyoka ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961, na ile ya Meserani, karibu na Arusha, mwaka 1993. Fundi wa nyumba hizi ana maarifa ambayo watumishi wa Selwanga hawakuyaandika. Anajua kwamba nyoka hajitengenezei joto mwilini, basi upande mmja wa kizimba uwe na joto la nyuzi 30 au zaidi kidogo, na upande wa pili uwe na ubaridi, ili achague mwenyewe. Anajua kwamba nyoka asiye na pa kujificha hukonda kwa hofu. Kwenye vilima vya Ngara, ambako usiku huwa na baridi, kizimba kisicho na joto kingemdhoofisha chatu. Na zaidi ya yote, anajua kuziba. Penye ufa unaopitisha kichwa, mwili hufuata.

Silaumu ufundi huo. Bustani kama hizo zimewafundisha watu wengi kutofautisha nyoka mwenye sumu na asiye nayo, na chatu hana sumu. Lakini kizimba kizuri kuliko vyote hakiwezi kuwa jibu kwa chatu wa Ngara na Biharamulo. Kwanza, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Pili, tumeshaona nyumba yake ya asili ikibomoka. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Walihitaji kuni na miti ya kujengea vibanda, na misitu ya kuzunguka kambi za Ngara ikaisha. Nani angewalaumu? Binadamu asiye na nyumba hawezi kuulizwa habari za nyumba ya chatu.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Hiyo ndiyo nyumba kubwa kuliko zote aliyopata kupewa chatu wa kwetu, na haina ukuta. Tundu la Bulonge limerudi, kwani chatu wa hifadhini hutoka apendavyo, akaingia katika mashamba yetu ya mihogo. Tofauti ni kwamba watu wa Buddu walijua la kufanya alipotoka. Sisi tunajua rungu tu, na rungu hilo likiendelea, hifadhi hii itakuwa nyumba ambayo mwenyewe akitoka mlangoni harudi.