Refa Kabla ya Mchezo

Ukitoka Musoma kwa basi, njia zinaachana Makutano: moja inashuka Bunda na kuendelea Mwanza, nyingine inapanda hadi mpakani Sirari, ya tatu inaingia Butiama. Mara ya mwisho nilishika hiyo ya tatu nikiwa na swali la darasani: nchi isiyo na kinu hata kimoja cha nyuklia huanzia wapi kujiandaa?

Butiama, pale Mwitongo, amezikwa Mwalimu Nyerere. Mei 1984 aliungana na viongozi wa Argentina, Ugiriki, India, Meksiko na Uswidi kuyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yaache kuzijaribu na kuzitengeneza. Hilo wengi wanalikumbuka. Lisilokumbukwa sana ni kwamba mwaka mmoja kabla, serikali yake ilitunga sheria ya kinga dhidi ya mionzi na kuunda Tume ya Taifa ya Mionzi. Hatukuwa na kinu. Tulikuwa na mashine za eksirei hospitalini, na watu waliosimama karibu nazo kila siku. Refa alifika kabla ya mchezo.

Mwaka 2003 sheria mpya ilileta Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania na kuipa kazi mbili: kudhibiti mionzi, na kuhimiza matumizi ya amani ya teknolojia ya nyuklia. Kwa eksirei, kazi hizo zinaweza kukaa chini ya paa moja. Kwa kinu cha umeme, historia inatuonya.

Marekani nayo ilikuwa na tume moja iliyohimiza na kukagua kwa pamoja. Lawama zilipozidi, mwaka 1974 Bunge lao liliigawa. Japani ilichelewa: wakaguzi wake walikuwa ndani ya wizara ileile iliyotaka vinu vijengwe. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, tume iliyoundwa na Bunge ilisema wazi kwamba maafa yale yalisababishwa na binadamu. Mkaguzi huru aliundwa Septemba 2012, watu wakiwa wameshahama makwao.

Kenya ilitenganisha kazi hizo kisheria mwaka 2019: wakala wa kuendeleza, mamlaka ya kudhibiti. Hata hivyo, wananchi wa Uyombo, Kilifi, waliukataa mradi, na macho yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Ndilo ziwa hilihili linalonywesha Musoma.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu huorodhesha mambo 19 ambayo nchi inapaswa kuyaandaa, na kazi hiyo huchukua miaka 10 hadi 15. Fedha ni jambo moja tu kati ya hayo. Sisi tukizungumza nyuklia, tunakimbilia urani ya Namtumbo, kana kwamba mwenye mahindi shambani tayari ana ugali mezani.

Uongozi wa mradi kama huu unapimwa kwa swali dogo: mkaguzi akiona ufa usiku wa manane, anaweza kuamuru kinu kizimwe bila kumpigia simu waziri anayekitaka kiwake? Jibu linapaswa kuandikwa kwenye sheria kabla ya kumwaga zege. Mwaka 1983 tuliweza kutanguliza mkaguzi, tena kwa ajili ya eksirei tu.