MAZIWA NA KISUKARI, SEHEMU YA 3: Daktari aliyetibu sukari kwa maziwa matupu

Wiki iliyopita niliwaahidi kwamba leo tutaongelea maziwa. Ila kabla sijakwambia uchague yapi, naomba nikurudishe nyuma kidogo, maana swali unaloniuliza kila siku, "Nesi, maziwa nikunywe au niache?", madaktari waligombania miaka mingi kabla yetu.

Kwanza nianze na kosa langu. Kuna mama alikuja kliniki ya sukari, mtu mzima, ana nidhamu sana. Ugali kapunguza, soda kaacha, chai anakunywa bila sukari. Lakini kipimo cha asubuhi kimegoma kushuka. Tukakaa chini, nikamwambia, "Mama, hebu nitajie kila kinachoingia mdomoni kuanzia ukiamka." Kumbe kila akisikia njaa anakunywa maziwa yaliyotolewa mafuta. Kikombe asubuhi, saa nne, mchana, jioni, na kabla ya kulala viwili. Nikamuuliza nani kamwambia. Akanitazama, akasema, "Si wewe mwanangu?"

Ni kweli nilimwambia. Nilimwambia achague yasiyo na mafuta, nikaishia hapo. Sikumwambia kwamba mafuta yakitoka, sukari inabaki.

Sasa twende kwenye historia. Mwaka 1776 daktari Mwingereza, Matthew Dobson wa Liverpool, alionyesha kwamba mkojo wa mgonjwa wa kisukari una sukari kweli, na damu yake pia ni tamu. Miaka 21 baadaye, 1797, daktari wa jeshi kutoka Scotland anayeitwa John Rollo akatoa kitabu kuhusu mgonjwa wake, Kapteni Meredith. Rollo aliwaza hivi: kama sukari inatokana na vyakula vya mimea, basi tuvipunguze. Akampa nyama yenye mafuta, soseji za damu, na maziwa yaliyochanganywa na maji ya chokaa. Mkate ulikuwa kidogo tu. Sukari kwenye mkojo wa kapteni ikapungua, na hali yake ikawa afadhali. Hiyo ndiyo mojawapo ya diet za mwanzo kabisa za kupunguza wanga kwa ajili ya kisukari. Wanaokwambia mambo haya yameanza juzi mtandaoni, waambie yana zaidi ya miaka 200.

Ona hapo: Rollo alikataza wanga lakini maziwa aliyaacha. Kwake maziwa yalikuwa chakula cha mnyama, basi salama.

Huko Paris, Apollinaire Bouchardat akaja na msimamo tofauti. Alikuwa mfamasia na daktari, mtu wa kupimapima. Paris ilipozingirwa na jeshi la Prussia mwaka 1870 hadi 1871, chakula kikawa adimu, na yeye akaona sukari inapotea kwenye mikojo ya baadhi ya wagonjwa wake. Akawasisitiza wale kidogo, wafanye kazi za mwili, wale mboga za majani. Na maziwa? Akayakataza, kwa sababu yana sukari yake yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1871, Uingereza, daktari Arthur Scott Donkin akatoa kitabu chenye ushauri wa kinyume kabisa: mgonjwa anywe maziwa yaliyoenguliwa mafuta, painti kadhaa kwa siku, na kitu kingine asile. Na wapo wagonjwa waliopata nafuu!

Iweje? Hebu piga hesabu na mimi. Chukua mfano wa lita 3 za maziwa yasiyo na mafuta. Ndani yake kuna sukari kama gramu 150, ambayo si kidogo. Lakini nguvu yote mwilini ni kama kalori 1,000 tu. Yule mgonjwa alikuwa na njaa! Kilichomsaidia zaidi ni kula kidogo, kama wale wa Paris. Mama yangu wa kliniki yeye alikuwa anakunywa maziwa JUU ya chakula.

Na tusidanganyane, diet hizi zote zilikuwa na kikomo. Mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, hakuna diet iliyomponya. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 walinyimwa chakula hadi wakabaki mifupa, ili tu waongeze miezi. Tarehe 11 Januari 1922, kule Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano ya insulini. Ya kwanza haikuwa safi vya kutosha. Siku 12 baadaye akapewa iliyosafishwa zaidi, sukari ikashuka. Kwa hiyo ukiwa wa sindano, usije ukaacha insulini eti umepata diet. Walioishi na diet bila insulini tunajua waliishia wapi.

Haya, tuje jikoni kwako.

Maziwa ya ng'ombe, yawe na mafuta au yametolewa, yana sukari inayoitwa laktosi, karibu gramu 5 kwa kila mililita 100. Kikombe cha mililita 250 ni kama gramu 12. Haipandi haraka kama ya soda, lakini inahesabika. Ya mbuzi na ya ngamia nayo yana laktosi, usidanganywe kwamba hayana.

Mtindi una nafuu kidogo, maana bakteria wamekula sehemu ya laktosi. Ila uwe mtindi mtupu. Ule wa ladha ya stroberi umeongezwa sukari.

Maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Hayo yaache dukani. Ya unga, pima kijiko, usimwage kwa macho.

Maziwa ya soya yasiyotiwa sukari yana wanga kidogo sana. Soma nyuma ya pakiti, kama imeandikwa sukari, rudisha.

Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze wanga ghafla bila kuongea na kliniki yako, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Na kama figo zako zina shida, uliza kwanza.

Yule mama hatukumnyima maziwa. Tulikubaliana kikombe kimoja kwa siku, kihesabiwe kama chakula, na njaa ya saa nne aimalize kwa yai au karanga kiganja kimoja. Aliporudi, kipimo kilikuwa kimeshuka. Akaniambia, "Siku nyingine, mwanangu, umalizie sentensi."

Nimejifunza. Leo nimemalizia.

Sehemu ya 4 tutaongelea uji wa lishe. Leo ukirudi nyumbani chukua kikombe chako cha chai, kijaze maji, yapime. Vingine vinabeba karibu nusu lita, na wewe unahesabu kimoja.