Mchwa kwa Nyumba: Unafaa Kuita Mtaalamu Mara Ngapi?

Umehustle miaka, ukaweka doo, ukajengea mathee nyumba ocha. Mabati mapya, rangi inang'aa. Halafu siku moja unashika fremu ya mlango na kidole kinazama ndani kama mkate. Hao ni mchwa, na wako hapo kitambo.

Mchwa hula mbao kutoka ndani. Kwa nje unaona iko fiti tu. Ukingoja mpaka uone uharibifu, ushachelewa.

Jibu fupi: ita mtaalamu mara moja kila mwaka, hata kama hujaona kitu. Fanya kila miezi 6 kama:

- Nyumba ilishawahi kuingiliwa na mchwa.
- Uko Pwani kwenye joto na unyevu, ama mahali vichuguu viko karibu na boma, kama sehemu nyingi za Ukambani.
- Nyumba ni ya mbao, ama msingi haukuwekwa dawa kabla ya zege kumwagwa.

Kuna wakati hufai kungoja hata wiki. Mvua ikinyesha, kumbikumbi hutoka. Hao ni mchwa wenye mabawa wanaotafuta pa kuanzisha familia mpya. Ukipata mabawa yamejaa chini ya dirisha ndani ya nyumba, usifagie tu na usahau. Ita mtu.

Katikati ya hizo ziara, chukua tochi ucheki mwenyewe kila mwezi:

- Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani.
- Mbao inayolia kama debe tupu ukiigonga.
- Kuni ama mbao zilizorundikwa kwa ukuta. Zitoe, hapo ni kama umewapikia.

Na ile oili chafu ya gari watu hupaka nguzo? Haimalizi shida. Mara nyingi kiota kiko chini ya ardhi, na malkia wao anaweza kuishi miaka mingi akitaga tu.

Kabla ya kulipa mtu, itisha leseni yake ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu. Muulize pia anapuliza dawa gani, na watoto wakae nje muda gani.

Kama umerent, mshtue landlord mapema, na umtumie picha. Lakini kama nyumba ni yako, weka siku kwa kalenda ya simu leo. Kulipia ukaguzi kunauma kiasi. Kununua mbao za paa mara ya pili kunauma zaidi.