Korodani Kujisokota na Majira ya Baridi

Mwaka 1840, daktari Mfaransa Louis Delasiauve aliandika habari za korodani iliyochelewa kushuka mfukoni, ambayo ilikuwa imejisokota lakini ikadhaniwa kuwa ngiri iliyobanwa, na kosa hilo la utambuzi limewapotosha matabibu wengi baada yake. Kujisokota huko ni kuviringika kwa kamba inayobeba mishipa ya damu ya korodani, hata damu ikakosa njia. Inakadiriwa kwamba kila mwaka tatizo hili humpata mwanamume mmoja kati ya 4,000 walio chini ya umri wa miaka 25, hasa vijana wanaobalehe.

Suala la majira lilipata uzito mwaka 1982, pale watafiti wa Dublin, Ireland, walipohusisha tukio hili na hali ya hewa ya baridi, kwa hoja kwamba baridi huukaza msuli wa kremasta, yaani ule unaoivuta korodani juu, na kwamba korodani isiyoshikizwa vyema mfukoni huweza kuzunguka inapovutwa ghafla. Maelezo ya Ulaya peke yake, hata hivyo, hayakutosha: mwaka 1986 utafiti kutoka Zaria, kaskazini mwa Nigeria, ulilihusisha tatizo hilohilo na uhaba wa unyevu hewani, katika nchi ambako upepo mkavu wa Harmattan huvuma kutoka Sahara. Tafiti nyingine zimetofautiana kuhusu majira, lakini kuhusu muda madaktari wanakubaliana: korodani nyingi huokolewa upasuaji ukifanyika ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze.