Nani Anapewa Uso Katika Picha ya Ukatili?

Oktoba 2016, video fupi iliyorekodiwa kwa simu katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya ilisambaa nchi nzima. Ilionyesha walimu wa mafunzo, vijana waliokuja kufundisha kwa vitendo, wakimpiga kwa pamoja mwanafunzi wa kidato cha tatu. Hazikupita siku nyingi kabla ya Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, kuagiza wahusika wakamatwe, na Wizara ya Elimu kuwafukuza chuoni. Fimbo shuleni haikuwa habari mpya. Kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Jipya lilikuwa kwamba taifa zima liliingizwa ndani ya shule ile na kulazimika kutazama.

Tuiweke video hiyo kando ya mchoro wa Francisco Goya, Mhispania aliyechapisha mfululizo wa michoro 80 uitwao Los Caprichos mwaka 1799. Katika mchoro wa 25, mwanamke amemwinamisha mtoto, amempandisha shati na kuliuma pindo lake kwa meno ili mikono yote ibaki huru, kisha anamchapa kwa kiatu. Kosa la mtoto ni kuvunja mtungi. Hispania ya wakati huo, kama kwetu, iliyaita hayo malezi. Goya hakumshtaki mtu yeyote, wala hakuna aliyekamatwa. Hata hivyo alifanya jambo ambalo simu ya Mbeya haikuweza: alichagua. Jicho la mtazamaji linavutwa na meno ya mama yule, na jina la mchoro linautaja mtungi, kana kwamba ndio ulioumia. Video ilithibitisha tukio. Mchoro uliichambua hasira. Video ilimwanika mtoto aliyepigwa mbele ya mamilioni. Mchoro haukumwanika mtoto yeyote wa kweli.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala hili. Kila anayeonyesha ukatili dhidi ya mtoto hana budi kuamua nani apewe uso: aliyeumizwa, aliyeumiza, au anayetazama.

Pwani yetu ina mfano mchungu. Kuna picha iliyopigwa Zanzibar takriban mwaka 1890 ya mvulana mtumwa aliyefungwa gogo zito kwa mnyororo, adhabu ya kosa dogo. Ili atembee, alilazimika kulibeba gogo hilo kichwani. Picha za aina hiyo ziliwapa nguvu wapinga utumwa wa Ulaya, na hatuwezi kuidharau kazi hiyo. Lakini bwana aliyemfunga hayumo katika picha. Mvulana ana uso na hana jina. Mkosaji hana uso wala jina.

Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1908, Lewis Hine alizunguka viwandani, migodini na mashambani akiwapiga picha watoto wa kazi kwa niaba ya Kamati ya Taifa ya Ajira ya Watoto. Naye aliwapa watoto uso, ila aliongeza maelezo: umri, kazi anayofanya mtoto, saa anazofanya, ujira anaopata. Alijua kwamba picha peke yake haijui kupambanua. Hoja hiyo inaeleweka vizuri Ubaruku, wilayani Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu. Mpunga ukitoa masuke, ndege hushuka kwa makundi, na watoto huenda kuamia. Mtoto aliyesimama mgundani akiwafukuza ndege anaweza kuwa anawasaidia wazazi wake siku ya Jumamosi, na huo ni urithi wa kazi unaostahili heshima. Mtoto mwingine, katika pozi lile lile, huenda ametolewa darasani kwa msimu mzima na kulipwa ujira usiofika mkononi mwake. Kamera huwapiga wote wawili sawasawa. Mgeni mwenye haraka atawaita wote wahanga. Mwenyeji aliyezoea atawaita wote watoto wema. Ni maelezo ya aina ya Hine yanayowatenganisha.

Picha hizo zote hutegemea tukio lililoonekana. Zipo jadi zinazokwenda njia nyingine, kwa kulipa umbo jambo lisiloonekana. Katika miaka ya 1950, Samaki Likankoa, mmoja wa wachongaji wa Kimakonde waliotoka Msumbiji na kufanya kazi Tanganyika, alianzisha mtindo wa shetani: miili ya mpingo iliyopinda, viungo vilivyohama mahali pake. Baadaye George Lilanga aliwapaka mashetani wake rangi za kung'aa na kuwafanya wacheke. Kazi hizo hazikukusudiwa kuzungumzia ukatili dhidi ya watoto, na kuzibebesha maana hiyo kungekuwa kuwasemea wachongaji. Lakini zimetuachia lugha ya umbo ambayo msanii wa leo anaweza kuitumia, kwa kuwa uovu unaotokea ndani ya nyumba mara nyingi huwa na sura ya kawaida mchana na sura nyingine usiku.

Goya naye aliijua njia hiyo. Kati ya mwaka 1820 na 1823 alichora ukutani mwa nyumba yake nje ya Madrid mungu Saturno akimla mwanawe, macho yamemtoka kwa hofu. Ukiiweka picha hiyo karibu na mchongo wa Kimakonde wa ujamaa, ambamo ndugu waliochongwa kutoka gogo moja wamepandana na kushikana, utadhani Ulaya imechora baba anayekula na Afrika imechonga ukoo unaobeba. Dhana hiyo haisimami. Ulaya hiyo hiyo imechora Mariamu na Mwana kwa karne nyingi, na Wamakonde hao hao wana mashetani. Kila jadi inajua kwamba mikono inayomnyanyua mtoto ndiyo inayoweza kumwangusha. Linalotofautiana ni mahali hatia inapowekwa: Goya anaiweka katika macho ya mtu mmoja, ilhali mchongaji wa shetani anaiacha izurure bila mwenyewe. Njia ya kwanza inashtaki kwa ukali. Ya pili inawaruhusu watu kulitaja jambo ambalo haya ingewafunga midomo.

Haya hiyo ina takwimu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 uligundua kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi, hasa wavulana, hawakumwambia mtu.

Kwa hiyo suala la nani anasema ni zito kuliko suala la nani anachora vizuri. Katika kambi ya Terezín, nchini Czechoslovakia iliyokuwa chini ya Wanazi, msanii Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto wa Kiyahudi kuchora. Kabla ya kupelekwa Auschwitz na kuuawa mwaka 1944, alificha masanduku mawili yenye michoro yao ipatayo 4,500, ambayo leo imo katika Makumbusho ya Kiyahudi ya Prague. Maua na vipepeo vimo humo kwa wingi. Mwaka 2007, watoto wa Darfur waliokuwa wakimbizi nchini Chad walichora wenyewe helikopta, nyumba zinazoungua na watu wanaopigwa risasi. Takriban michoro 500 ilifikishwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Watoto wa Terezín walichora walichonyimwa, wa Darfur walichokiona. Makundi yote mawili yanafanana kwa jambo moja: uso wa mtoto haukuanikwa, lakini mkono wake uko kila mahali.

Jadi yetu ya kufunza kwa umbo nayo ina uzito wake. Hans Cory aliandika mwaka 1956 kuhusu sanamu ndogo zilizotumika kuwafunda vijana wa Tanganyika katika jando na unyago. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na mwalimu wa kuifafanua. Mafunzo yalikuwa ya siri. Bango la leo kwenye ukuta wa shule au zahanati liko hadharani, lakini halina mwalimu wala wimbo. Siri ililinda heshima na ingeweza pia kumlinda mkosaji. Uwazi unamfikia kila mpita njia na unaweza kusomwa bila kueleweka. Kila njia ina pengo ambalo nyingine inaliziba.

Hukumu yangu ni hii. Mtoto aliyeumizwa asiwe sura ya kampeni. Uso wa kuchorwa ni wa mtu mzima, anayepiga na yule anayegeuka pembeni. Kamati ya shule ya Ubaruku inayomwita mchora mabango imwagize hivyo, iandike chini namba 116 ya simu kwa mtoto, na imtafute mwalimu wa kusimama mbele ya bango hilo na kulieleza. Kisha watoto wapewe karatasi na penseli, na awepo mtu mzima atakayetazama wanachokichora na kuchukua hatua.