Kutoka posho mpaka likelemba: historia ya chakula ya Lubumbashi

Kwetu Katanga siku ile ambayo Wafaransa wanaita samedi, sisi tunaiita siku ya posho. Watoto wetu wanaitaja kila juma na hawajiulize inatoka wapi. Posho ilikuwa chakula ambacho kompani ilikuwa inapimia mufanyakazi wake. Ile kazi imeisha, jina limebakia. Basi tufuate hilo jina, tuone muji wetu ulikulaje, na nani alikuwa anashika kipimo.

Mbele ya muji kuzaliwa, watu wa inchi hii, Basanga, Balamba, Bakaonde na wengine, walikuwa wanalima zaidi mutama. Mutu hakulima peke yake. Mwenye shamba alitengeneza munkoyo ao pombe, akaita majirani. Leo wanalima kwake, kesho kwa mwingine. Sehemu ya mavuno ilienda kwa chifu, njo mulambo. Lakini mulambo ulikuwa na deni ndani yake: chifu aliyeupokea alipashwa kulisha mugeni, mujane na yatima wakati gala za watu zilikuwa tupu. Tusidanganyane, haikuwa paradiso. Kule Bunkeya, wakati wa M'siri, watumwa walilima bila kuulizwa neno. Hata hivyo kanuni ilijulikana: anayekula jasho la wengine ana deni kwao.

Mwaka wa 1910 njia ya reli kutoka kusini ilifika, na muji wa Élisabethville ukaanza. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka wa 1911. Wafanyakazi walikuwa wengi, vijiji vya pembeni vilikuwa na watu kidogo. Kwa hiyo unga wa mahindi ulikuja na treni kutoka Rhodesia. Hivi njo bukari ya mahindi ilishinda ile ya mutama. Ona sasa: tangu utoto wake, muji wetu ulizoea gunia linalotoka mbali.

Karibu na mwisho wa miaka ya 1920, kompani iliona faida ya kumukalisha mufanyakazi kwa muda murefu. Akaruhusiwa kuleta bibi, akapewa nyumba katika kambi, na posho ikahesabiwa mpaka kwa bibi na watoto. Sufuria ilijaa, ni kweli. Lakini aliyepima alikuwa mumoja, na aliyepimiwa hakuwa na neno. Wakati wa vita, bei za vitu zilipanda na mushahara ulibakia chini. Katika Desemba 1941 wafanyakazi waliacha kazi. Wakakusanyika kwenye uwanja wa mupira, na askari wakawapiga risasi. Watu wengi walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyekuwa anasema kwa jina lao. Siku ile ilionyesha kama kulishwa ni jambo moja, kusikiwa ni jambo lingine.

Nyuma ya uhuru, mwaka wa 1967, serikali ilitwaa mali ya Union Minière, na kompani mupya, ile tunaita leo Gécamines, ikaendelea kugawa unga. Katika miaka ya 1980 ilikuwa inatosha karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1993 haikufikisha hata 50,000. Mishahara ilikawia miezi na miezi, posho ikakatika. Kuanzia mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ule mupango ulioitwa « départ volontaire ». Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Universite ya Lubumbashi, aliandika juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ilikuwa kompani.

Sasa nani alilisha muji? Wamama. Wengine walichukua jembe wakaenda kuomba shamba kwa chifu, mbali na muji. Wengine walilima lengalenga, matembele na shu kandokando ya mito. Feza ilitoka wapi? Katika likelemba. Kila juma ao kila mwezi, kila mumoja anatia kiasi kile kile, na mumoja anabeba yote: anunue mbegu, mbolea, ao alipe kamyo ya kuleta mahindi. Hakuna benki, hakuna karatasi mingi. Zamu inajulikana mbele, na anayebeba leo ni mwenye deni kesho. Si ni ile kanuni ya munkoyo na ya mulambo? Imevaa tu nguo ya muji. Tangu mwaka wa 2000, FAO, kwa feza za Ubelgiji, ilisaidia pia walimaji wa mboga wa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani.

Wakubwa nao walijaribu. Gavana Moïse Katumbi, aliyeongoza Katanga tangu 2007 mpaka 2015, aliagiza kila kompani ya madini ilime hektari 500. Wazo lilikuwa zuri. Lakini muji haukuacha kutazama Kasumbalesa. Mwaka wa 2024, wakati ukame mukali ulipiga Zambia, ilionekana tena kama jua la jirani linaweza kulaza watoto wetu njaa. Kwa maoni yetu, kosa lilikuwa hili: agizo lilipita kati ya gavana na makompani, na mama mulimaji hakukaa kwenye meza.

Leo kuna mulango mwingine. Sheria ya madini iliyogeuzwa mwaka wa 2018 inaomba kila kompani inayochimba itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vya pembeni, na ifanye nao mapatano ya kuandikwa, cahier des charges. Tuangalie yasigeuke posho mupya: magunia mbele ya picha, na kesho kimya. Katika mapatano hayo, walimaji waseme juu ya mambo matatu. Udongo, juu shamba lisimezwe na karé ya madini wala kuharibiwa na moshi wa kiwanda. Njia, juu mahindi yasilipishwe kwenye kila barière. Na meka, kipimo cha soko, juu anayelima na anayekula waone wote kama imejaa.

Wazee walisema kidole kimoja hakinawe uso. Tuongeze: mukono wa kupokea tu haujui uzito wa jembe. Siku ya posho ibakie jina la siku. Kipimo, tukishike pamoja.