Kutoka Kifudu hadi "Pwani si Kenya"

Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza iliwataka Wagiriama walipe kodi na watoe vijana wakafanye kazi za watu. Wagiriama walikuwa na mahindi yao na tembo la mnazi la kuuza; kwa nini mtu aende kumlimia mwingine? Mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, hakuanza kwa kuitisha mkutano wa siasa. Alicheza kifudu, ngoma ya matanga, akipita kijiji baada ya kijiji, na watu wakamfuata kama wanavyofuata ngoma yoyote. Kisha Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, pakaliwa viapo: wanawake mukushekushe, wanaume fisi. Aliyekula kiapo alijifunga asimpe Mwingereza kodi wala mwana. Yasimuliwa kwamba Mekatilili alimwendea Arthur Champion, ofisa wa eneo lile, na kuku mwenye vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili alihamishiwa Kisii, akatoroka akarudi kwao. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti.

Leo Malindi kuna sanamu yake, na kila Agosti chama cha utamaduni cha MADCA huandaa sherehe ya kumkumbuka. Wanawake ambao siku nyingine huvaa dera hufunga hando, vazi la jadi, na wanasiasa nao hawakosi kuvaa shanga, hasa uchaguzi unapokaribia. Lakini Kilifi hiyohiyo wazee huuawa kwa kusingiziwa uchawi, sababu kubwa ni mvi zao na mashamba yao, hata MADCA ikalazimika kuwapa hifadhi baadhi ya wanaotishiwa. Kumshangilia bibi wa 1913 ni rahisi kuliko kumlinda bibi wa jirani.

Miaka ya uhuru ilileta mgawanyiko mwingine, juu ya nani ni "sisi". Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa mkataba wa 1895, na bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus. Waarabu na Waswahili wengi wa mijini walidai Mwambao, yaani ukanda huo, ujitenge. Wamijikenda wengi, Wagiriama wakiwemo, walikataa, wakawa nyuma ya Ronald Ngala, Mgiriama wa Kilifi aliyeongoza chama cha KADU na kudai majimbo ndani ya Kenya. Walikuwa na sababu. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, waliosajili mashamba ya ukanda huo zaidi walikuwa Waarabu, Waswahili na Wahindi. Mgiriama aliyelima palepale akaitwa skwota. Kwake bendera nyekundu ilimaanisha mwenye shamba. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar walikubaliana ukanda huo uwe wa Kenya.

Karibu nusu karne baadaye kuta za pwani zikaandikwa "Pwani si Kenya". Chama cha MRC kilichodai pwani ijitenge na kueneza kauli hiyo kilipigwa marufuku 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Vijana wengi waliokifuata walikuwa Wamijikenda, na hoja yao ilisimama juu ya karatasi zilezile za 1895 na 1963, yaani haki ya Sultani ambaye babu zao hawakutaka kumsikia. Babu na mjukuu waligombania shamba lilelile, na wote wawili hawakuwa na hati yake.